Moto na Mwiko Havitoshi

Lugha yetu ina neno moja litumikalo kwa kazi mbili, nalo ni kuchanganya. Mpishi atiaye sukari katika chai huchanganya. Mwenye duka atiaye kunde katika gunia la choroko huchanganya pia. Lakini sukari ikiisha kupotea katika chai, hapana ungo wala kidole kiwezacho kuitoa. Na kunde na choroko, hata zikikorogwa mwaka mzima, hubaki kunde na choroko, kila punje na ganda lake. Neno ni moja, mambo ni mawili. Jikoni tofauti hii haimdhuru mtu, kwa kuwa mpishi huijua kwa mkono wake. Katika biashara ya plastiki yadhuru, na insha hii imeandikwa kuwapinga wale wajifichao nyuma ya neno hilo.

Madai yao ni haya, nasi twayasikia kila mara habari ya taka za miji itajwapo. Ati plastiki ni plastiki. Ati chupa, ndoo, mfuko, kiroba na kiti vyote vyaweza kusagwa pamoja, kutiwa katika pipa moja juu ya moto, kukorogwa, na kumiminwa katika kalibu, vikatoka mbao, nguzo na ndoo mpya. Ati kuchambua taka ni kazi ya dhiki, ya watu waliokosa mashine; na siku mashine ya kuyeyusha yote itakapowasili, mchambuzi ashike njia aende zake. Maneno haya ni matamu kwa mwenye kuuza mashine, na ni matamu kwa mkubwa wa mji aliyechoshwa na harufu ya jaa. Yana ila moja tu: si kweli.

Huenda msomaji akashangaa kukuta habari ya taka na viwanda katika jarida la insha. Asishangae. Mpaka kati ya vitu vichanganyikavyo na vitu vilivyokaa pamoja tu umefutwa kwanza katika maneno, kisha ukafutwa katika mikataba. Na ulinzi wa maneno ni kazi yetu sisi kabla haujawa kazi ya wahandisi.

Kwanza, plastiki si jina la kitu. Ni jina la ukoo, kama samaki. Papa ni samaki na dagaa ni samaki, wala hapana mvuvi awauzaye kwa bei moja. Pindua ndoo au dumu nyumbani kwako, aghalabu utaona chini yake pembetatu ndogo yenye tarakimu. Alama hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki, na watu wengi wadhani ni ahadi kwamba chombo kile kitatumika upya. Si ahadi, ni jina tu. Chupa za maji na soda ni 1, yaani polietilini tereftalati, ambayo wenye viwanda huiita PET kwa kifupi. Madumu ni 2, polietilini nzito. Mabomba ya PVC ni 3. Mifuko laini ni 4, polietilini nyepesi. Ndoo nyingi, viti na viroba ni 5, polipropilini. Vikombe na masahani ya kutupwa mara nyingi ni 6, polistirini. Tarakimu 7 ni ya wote waliosalia, kama vile karani aandikavyo "mengineyo" chini ya orodha. Majina yenyewe hudanganya: PET yabeba neno polietilini katika jina lake refu, lakini haina udugu na polietilini ya dumu ila wa matamshi. Chukua chupa moja ya maji. Mwili wake ni 1, kifuniko chake ni 2 au 5, na utepe wa jina uliouzunguka mara nyingi ni 5. Aitupaye ametupa vitu viwili au vitatu.

Kiini cha kutopatana kwao ni urefu. Mwaka 1920 mkemia Mjerumani Hermann Staudinger alitoa hoja kwamba vitu kama mpira vimefanywa kwa molekuli ndefu mno, chembe ndogo zilizofungamana moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi. Wakubwa wa elimu hiyo walimpinga kwa miaka mingi, wakishika kwamba ni molekuli ndogo tu zilizokusanyika. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953, naye amekwisha kuwa mzee wa miaka 72. Leo hapana abishaye. Uzi wenye shanga za namna moja tangu mwanzo hadi mwisho huitwa homopolima, na polietilini na polipropilini ni homopolima.

Sasa vitu viwili vikikutana katika moto, mambo mawili huamua kama watachanganyika kama sukari na chai au watakaa kama kunde na choroko. La kwanza ni uhuru. Chembe zilizochanganyika zina njia nyingi zaidi za kujipanga kuliko chembe zilizotengwa, na maumbile hupenda njia nyingi. La pili ni karaha: chembe nyingi hupendelea jirani wa namna yake, japo kwa kiasi kidogo sana. Katika chai, uhuru wa sukari ni mkubwa mno hata karaha haisikiki. Lakini zitunge chembe katika uzi, na kila moja hupoteza uhuru wake, kwa kuwa haiwezi kwenda popote ila na wenzake 999. Paul Flory na Maurice Huggins, kila mmoja kwa njia yake, walilifanyia hesabu jambo hili katika miaka ya 1941 na 1942, na hesabu yao yaweza kusemwa hivi: thawabu ya kuchanganyika hulipwa kwa kila uzi, bali karaha hutozwa kwa kila shanga. Uzi ukirefuka, thawabu hubaki ile ile na tozo huongezeka. Nyuzi za namna mbili zenye urefu mmoja, kwa kiasi sawa, hutengana mara karaha ya shanga moja ikizidishwa kwa idadi ya shanga za uzi ipitapo 2, ikipimwa kwa kipimo cha nishati ya joto lenyewe. Uzi ukiwa na shanga 1,000, basi karaha ya sehemu 2 katika 1,000 yatosha kuwatenga. Karaha ndogo kiasi hicho ipo karibu kila mahali. Polietilini na polipropilini hufanywa kwa kaboni na hidrojeni tu, kwa uwiano ule ule, ni kama watoto wa ami. Nao vile vile hawakai pamoja.

Atasema mpinzani wetu: basi zidisha moto. Hili ndilo kimbilio lake, na yafaa tulibomoe kwa taratibu. Kwa jozi nyingi ni kweli kwamba joto hupunguza karaha. Lakini nyuzi ndefu za biashara hutaka joto lipitalo lile ziwezalo kulistahimili, hata kabla ya kupatana huwa zimekwisha kuungua. Kwa jozi nyingine moto wenyewe ndio mfitini: polistirini na polima iitwayo polivinili methili etha huchanganyika zikiwa katika joto la chini, na zikipashwa zaidi huachana, mchanganyiko uliokuwa angavu kama kioo ukawa na ukungu. Tena moto wa pipa moja hauwezi kuwa wa haki kwa wote. Polietilini huyeyuka kati ya digrii 105 na 135 hivi, polipropilini karibu na 160, PET karibu na 250 au zaidi. Katika joto la kuyeyusha PET, PVC huoza na kutoa asidi ya hidrokloriki, na asidi hiyo huzikatakata nyuzi za PET. Kiasi kidogo tu cha PVC huharibu shehena nzima. Mkorogaji wa vyote ama hakuyeyusha wote, ama amewachoma baadhi yao.

Zipo jozi zipatanazo kwa kweli, wala sitaki kuzificha. Polistirini huchanganyika na polifenilini oksidi kwa uwiano wowote, na kampuni ya General Electric iliuza mchanganyiko huo tangu miaka ya 1960 kwa jina la Noryl. Jozi za namna hii ni chache kiasi kwamba wataalamu hukumbuka majina yake.

Na mwiko je? Kukoroga hufanya kazi, lakini si kazi idhaniwayo. Mwiko, au parafujo ya mashine, huvunja bonge kubwa kuwa visiwa vidogo vya plastiki moja ndani ya bahari ya nyingine. Ukiacha kukoroga kabla havijaganda, visiwa hurudi kukutana na kuwa vikubwa. Ukigandisha upesi, visiwa hubaki, lakini pwani yake ni dhaifu. Nyuzi za huku hazivuki kwenda huko ila kwa nanomita chache, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hazifikii kiasi cha kufumana. Vuta ubao huo, nao hufunguka penye pwani. Ukitazama uso uliovunjika kwa hadubini ya elektroni, utaona vishimo laini na vitufe laini, kama fenesi lililobanduliwa kokwa. Hakuna kilichokatika, viliachana tu. Polietilini peke yake huvutika mara kadhaa ya urefu wake kabla ya kukatika, na polipropilini vivyo hivyo. Ukizitia pamoja kwa moto na mwiko, wapata kitu kivunjikacho upesi kuliko kila mmoja wa wazazi wake. Hilo ndilo jibu la wale wasemao kwamba mchanganyiko, hata ukiwa mbaya, hauwezi kuwa mbaya kuliko viungo vyake.

Hapa ndipo elimu ilipopata njia ambayo moto na mwiko havina, nayo ni fundo. Mwaka 1956 Michael Szwarc, aliyekuwa akifundisha Syracuse, Marekani, alionyesha namna ya kutunga nyuzi zisizokufa ncha: shanga za aina moja zikiisha, uzi hungoja, na ukiuletea shanga za aina nyingine huendelea nazo. Hivyo uzi mmoja hupata sehemu mbili au tatu, kila sehemu ya namna yake, zilizofungwa ncha kwa ncha. Wazungu huziita kwa neno la magogo. Mimi naona muwa watufaa zaidi: pingili, kisha fundo, kisha pingili. Tuziite basi kopolima za pingili.

Funga maadui wawili kwa fundo lisilofunguka, watafanya nini? Hawawezi kukaa pamoja, wala hawawezi kwenda mbali kuliko urefu wa uzi wao. Ludwik Leibler alitoa hesabu yake mwaka 1980. Uzi wa shanga 1,000 wenye pingili mbili zilizo sawa huvumilia mpaka karaha ifikie 10.5 katika 1,000. Ukiukata katikati, zikawa nyuzi mbili za shanga 500 zisizofungamana, uvumilivu wao huisha kwenye 4 katika 1,000. Fundo limenunua uvumilivu zaidi ya mara mbili na nusu. Na karaha ikipita hapo, utengano uwapatao ni mdogo, wa nanomita 10 hadi 100 hivi, tena wenye nidhamu ya kustaajabisha. Pingili moja ikiwa fupi sana kwa nyingine, chini ya sehemu moja katika tano hivi, shanga zake hukusanyika kuwa tufe zilizopangwa kwa safu. Ikikaribia robo au theluthi, hugeuka nguzo ndefu, kama boriti zilizolazwa shehenani mwa jahazi. Zikilingana, huwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa. Na kati ya nguzo na tabaka, katika nafasi nyembamba, lipo umbo lililotambuliwa mwaka 1994, liitwalo jiroidi: mitandao miwili ya mirija iliyopindana chumba kizima bila ya kugusana hata mara moja.

Mambo haya si mchezo wa maabara. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Shell ilianza kuuza, kwa jina la Kraton, kopolima ya pingili tatu: polistirini ngumu huku na huku, mpira wa polibutadini katikati. Ncha ngumu hujikusanya kuwa vifundo, mpira huvutika kati yake, na ukiupasha moto wote hutiririka upate kumiminwa katika kalibu. Nyayo za viatu vingi zimefanywa kwa ukoo huo, na lami ya barabara nyingi hutiwa kitu hicho isipasuke. Msomaji aone ajabu yake: nguvu ya nyayo ile yatoka katika kutengana. Kwa hiyo ugomvi wangu na wakorogaji si kwamba plastiki zao hutengana. Ugomvi ni juu ya ukubwa wa visiwa, na juu ya nani ameshona pwani.

Wako watakaotaka kulifanya jambo hili mfano wa ndoa, au wa umoja wa mataifa. Waache. Uzi wa polibutadini haujui ndoa.

Sasa tufike kwenye mahali ambapo mjadala huu huharibikia, yaani kopolima za pingili zikitiwa pamoja na homopolima. Hapa mpinzani wa pili hujitokeza, aliye mwerevu kuliko wa kwanza. Yeye akubali kwamba plastiki hazichanganyiki, kisha atoa mfukoni unga na kusema: hii ni sabuni yake, tia kijiko, na yote yatapatana. Maneno yake yamekopwa kwenye ukweli, na ndiyo sababu ni hatari.

Ukweli wenyewe ni huu. Chukua kopolima ya pingili mbili, nyeupe na nyekundu, iliyojipanga tabaka, kisha uitilie homopolima nyeupe. Je, mgeni atapokewa? Itategemea urefu wake kwa kulinganisha na pingili nyeupe ya mwenyeji. Takeji Hashimoto na wenzake wa Kyoto, na vile vile Karen Winey, Edwin Thomas na Lewis Fetters huko Marekani, walilichunguza jambo hili kwa makini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mgeni akiwa mfupi kuliko pingili, hupenya katikati ya nyuzi nyeupe mpaka karibu na mpaka, kama dagaa wapenyao kati ya mizizi ya mikoko. Hapo nyuzi nyeupe husongamana, huhitaji nafasi zaidi upande wao, na mpaka uliokuwa bapa hulazimika kupinda; tabaka zaweza kugeuka jiroidi, au nguzo, au tufe, bila ya kubadili kopolima hata shanga moja. Mgeni akiwa na urefu ulio karibu na ule wa pingili, hupokewa lakini hukaa katikati ya tabaka nyeupe, mbali na mpaka. Tabaka hunenepa, umbo halibadiliki sana. Mgeni akiwa mrefu kuliko pingili, hubaki nje ya mikoko kama papa. Nyuzi za pingili zinazosimama mpakani kama nywele za burashi hazimpi nafasi, naye hujitenga akawa ziwa lake mwenyewe, ingawa rangi yake ni nyeupe kama yao. Mwenye kufikiri atasimama hapa kidogo: hata shanga zikiwa za namna moja kabisa, urefu peke yake waweza kumfukuza mgeni.

Geuza kadiri, homopolima zikawa nyingi na kopolima kidogo, ndipo twafika kwenye ile sabuni. Kopolima yenye pingili nyeupe na pingili nyekundu, ikitiwa kati ya plastiki nyeupe na plastiki nyekundu, ina mahali pamoja pa kuistarehesha, nako ni pwani: mguu huku, mguu huku. Ikifika pale, hupunguza mvutano wa mpaka, visiwa huwa vidogo, na pwani hushonwa. Mwaka 1997 Frank Bates na wenzake walionyesha kwamba homopolima mbili zilizo sawa, zikitiwa kopolima yao ya pingili mbili kwa kiasi cha sehemu kama 10 katika 100, zaweza kukaa kama sifongo mbili zilizopitana, kila moja ikiendelea bila ya kukatika, wala zisijitenge ovyo. Huo ni ufundi wa juu. Lakini ulipatikana kwa nyuzi zilizotungwa kwa kipimo, safi, za urefu uliochaguliwa. Nje ya masharti hayo, kopolima ina njia nyingi za kukwepa kazi. Badala ya kwenda pwani, hujikusanya yenyewe kwa yenyewe katikati ya bahari, vitufe vidogo visivyomfaa mtu. Au pingili zake ni fupi mno, zikapenya upande wa pili lakini zisifumane na nyuzi za huko, zikachomoka kama msumari katika mchanga.

Ushindi mkubwa wa njia hii ulitangazwa mwaka 2017 katika jarida la Science, na watu wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiongozwa na Geoffrey Coates, pamoja na wale wa Bates wa Minnesota. Walitunga kopolima ya pingili nne, polietilini na polipropilini kwa zamu, wakaitia sehemu 5 katika 100 ndani ya mchanganyiko wa polietilini 70 na polipropilini 30. Kitu kilichokuwa kikivunjika upesi kikawa kigumu chenye kuvutika sana. Pingili za katikati huvuka mpaka na kurudi, zikawa kama mshono wa cherehani, na za mwisho huganda pamoja na fuwele za kila upande. Ndiyo habari ambayo muuza unga huikata kichwa na mkia akaitembeza sokoni.

Sikizeni alichokikata. Fundo lile latunganisha polietilini na polipropilini, na hao wawili tu. Halimjui PET, halimjui PVC, halimjui polistirini. Kila jozi yataka fundo lake. Plastiki sita za pembetatu zina jozi 15. Dawa moja ya wote haipo, na sababu si uvivu wa wataalamu, bali ni ile ile tuliyoiona: pingili isiyo ya jamaa wa upande ule hairuhusiwi kuingia, na hata ya jamaa hukataliwa ikiwa urefu hauwiani. Tena taka za mtaani hazikuoshwa na maabara. Zina mchanga, mafuta ya taa, rangi na mabaki ya uji. Kwa hiyo hata dawa iliyo bora kuliko zote yaanza kazi baada ya mtu kuondoa PET na PVC. Nani atakayeziondoa?

Mchambuzi. Yule yule aliyeambiwa ashike njia.

Wamdharauo mchambuzi hawajui ugumu wa kazi yake. Maji humsaidia kwa sehemu: PET ina uzito wa gramu 1.38 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, nayo huzama, hali polietilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, huelea. Lakini PVC nayo huzama pamoja na PET, na polietilini na polipropilini huelea pamoja. Yaani jozi mbili zilizo mbaya kuliko zote, ya asidi na ya pwani dhaifu, ndizo ambazo maji yameshindwa kuzitenga, yakamwachia jicho na mkono. Fundi huchana, husikiliza mlio, hukunja na kutazama ufa mweupe, huwasha kipande na kunusa: polietilini hunuka kama mshumaa, polistirini hutoa masizi mengi. Na zile mashine za Ulaya tunazosifiwa, zitazamazo taka kwa miale isiyoonekana na kuzipuliza kwa upepo, kila aina na kapu lake, ni kitu gani? Ni wachambuzi wa chuma. Tena hawaioni plastiki nyeusi, kwa kuwa masizi yaliyotiwa humeza miale ile. Nchi zenye fedha hazikuacha kuchambua. Zimelipa mamilioni zipate kuchambua zaidi.

Takwimu husemwa sana hapa. Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law walikadiria mwaka 2017 kwamba mpaka mwisho wa 2015 dunia ilikuwa imetoa tani milioni 6,300 za taka za plastiki, na asilimia 9 tu ndiyo iliyorejeshwa kiwandani. Wakorogaji huitaja asilimia hiyo kama ushahidi kwamba kuchambua kumeshindwa. Sababu za uchache huo ni nyingi, na bei ya mafuta ni mojawapo. Lakini kumlaumu mchambuzi kwa asilimia 9 ni kama kumlaumu mkulima aliyenyimwa jembe kwa udogo wa shamba.

Kwetu jambo hili halikungoja vitabu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo nazisifu. Lakini sokoni Tanzania mahali pa mfuko laini wa polietilini palishikwa na mfuko ufananao na kitambaa, nao aghalabu ni polipropilini. Watu wengi hawajui kwamba ni plastiki hata kidogo. Kwa hiyo jaa la leo limechanganya, kwa ile maana mbovu ya neno, jozi ile ile ambayo watu wa Cornell na Minnesota walihitaji pingili nne kuipatanisha. Mkorogaji alipewa sababu mpya ya kuogopa pipa lake, naye hakuisoma.

Nitatoa haki yake kwa kitu kimoja. Plastiki chafu za namna nyingi zikiyeyushwa na mchanga, hufanya matofali ya kutandika njiani, nayo husimama. Husimama kwa sababu tofali hukanyagwa, halivutwi. Pwani dhaifu haifunguki ikibanwa. Lakini hapo plastiki imekuwa gundi ya mchanga, haitarudi tena kuwa ndoo wala dumu. Mwenye kuuza tofali na aseme anauza tofali, asiseme amefufua chupa.

Basi twadai nini? Twadai tarakimu ya pembetatu iandikwe kwa Kiswahili na jina lake, mahali ambapo jicho litaiona bila miwani. Twadai mchambuzi alipwe kwa aina na kwa usafi, si kwa kilo za jaa. Twadai neno kuchanganya lisitumiwe katika mkataba wowote wa taka mpaka liambatane na majina ya plastiki zitakazotiwa na la fundo litakalozishona, kama lipo. Na mwenye pipa la moto ajapo kuomba kiwanja na fedha za mji, asilete ubao uliopakwa rangi kutuonyesha. Alete vipande vitatu: kimoja cha polietilini tupu, kimoja cha polipropilini tupu, na kimoja cha mchanganyiko wake. Vivutwe vyote mbele ya baraza kwa mashine ya chuo chochote cha ufundi mpaka vikatike, urefu uandikwe, na uso uliovunjika upitishwe mkononi kwa wajumbe, wachambuzi wakiwemo.